Mgongo wa Mbuzi

Siku ya Ijumaa wanaume wanne walianguka kwenye Mgongo wa Mbuzi, ile nundu kali ya mteremko wa ski, na mmoja wao, Mfaransa asiye na mkono wa kushoto, alishushwa kwa machela huku akiimba. Alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Watu wa Hinterau, kijiji cha milimani huko Austria, walimpigia makofi mpaka gari la wagonjwa likapotea kwenye kona ya kanisa, na jioni ile, katika baa zote mbili za kijiji, hapakuwa na hadithi nyingine ila ujasiri wa wanaume wale.

Zenzi Oberlechner alipiga makofi pia. Alisimama kando ya wavu wa mwisho, mguu wake mmoja ndani ya buti la ski, magongo kwapani, akiukagua mteremko kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kumnunua. Kesho ilikuwa zamu yao: mbio za kasi za wanawake walemavu, kutoka kileleni mpaka nyuma ya ukumbi wa zimamoto. Na hapo palikuwa kwao. Alizaliwa katika nyumba ya tatu kushoto ukishapita kiwanda cha mbao. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti alipokuwa na kumi na sita, baada ya mkokoteni wa nyasi kuteleza kwenye malisho ya juu na kumlalia. Tangu alipojifunza kushuka kwa ski moja, mikononi akishika magongo mafupi yenye ski ndogo mwishoni, hakuna aliyewahi kumwona akishuka taratibu.

"Pale kwenye mgongo wanaogopa," alimwambia Otti. "Wanasimama wima, upepo unawanyanyua, basi tena."

Otti Raich, mwenzake katika timu ya Austria, hakuwa ameuona mgongo wala wanaume wenyewe. Macho yake yalikuwa yakififia tangu utotoni, na sasa alibakiwa na mwanga na kivuli tu. Alishuka milima akifuata sauti ya binamu yake Gundi, aliyemtangulia huku akipaza sauti kama dalali wa mnadani.

"Mimi sina shida hiyo," alisema Otti. "Nitaogopaje kitu nisichokiona?"

"Mwongo huyu," alisema Gundi. "Jana ulining'ang'ania mkono kwenye ngazi za bafuni."

"Ngazi za bafuni zina sabuni. Mlimani hakuna sabuni."

Walicheka, wakaenda kunywa supu. Hakuna aliyehisi kwamba kuna jambo linapikwa.

Mkutano wa timu ulifanyika saa kumi na mbili jioni katika ukumbi wa zimamoto. Magari mawili mekundu yalikuwa yametolewa nje, mabenchi yakapangwa mahali pake. Wazimamoto wa kijiji, ambao wiki nzima walikuwa wakitengeneza njia ya mbio kwa sepeto na mipira ya maji, walisimama nyuma na vikombe vya chai iliyotiwa pombe. Mmoja wao alikuwa Isidor, baba yake Zenzi, kofia mkononi. Isidor alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwahi kwenda kumtazama binti yake akishindana. Kila mara alisema ana kazi na ng'ombe. Kijiji kizima kilijua kwamba siku ile ya mkokoteni yeye ndiye aliyekuwa ameshika breki, na kijiji kizima kililinyamazia jambo hilo.

Dokta Purtscher, mkurugenzi wa mashindano, alipanda jukwaani. Alikuwa mwanasheria kutoka mjini, mwenye sauti ya kubembeleza na skafu ya hariri. Alianza kwa kuwavisha kilemba cha ukoka.

"Mabinti zetu," alisema, "maua yetu ya milimani, mashujaa wetu! Nyinyi mnatufundisha sote maana ya ujasiri. Kila nikiwatazama, machozi yananilenga."

"Balaa," Otti alimnong'oneza Zenzi. "Huyu ana habari mbaya."

"Na kwa sababu tunawajali," Dokta Purtscher aliendelea, "kamati imekaa leo mchana. Usiku huu unatarajiwa upepo wa joto kutoka kusini. Theluji italainika. Mmeona wenyewe ajali za leo. Kwa hiyo mbio za kasi za wanawake zimefutwa. Badala yake mtashindana slalomu, mbio fupi za kuzunguka fimbo, saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa watoto. Watu wa televisheni wameshaondoka, kwa hiyo hakuna atakayepata usumbufu."

Wa kwanza kusema alikuwa Torunn, Mnorwe aliyepooza kuanzia kiunoni, ambaye alishuka milima akiwa amefungwa mikanda ndani ya kiti kilichowekwa juu ya ski moja. Kiti hicho alitengenezewa na kaka yake katika karakana ya mashua, na kilikuwa kizito kama jeneza. Kijerumani chake alikiokoteza mashindanoni.

"Mteremko wa watoto?" aliuliza. "Ule wenye sungura wa mbao?"

"Ni mteremko mzuri sana," alisema Dokta Purtscher.

"Sungura ameshika karoti," alisema Torunn, akiwageukia wenzake ili kila mtu aelewe vizuri. "Karoti!"

Zenzi aliinuka. Hakuhitaji kuomba nafasi. Magongo yake yalipogonga sakafu ya saruji, watu waligeuka wenyewe.

"Bwana Mkurugenzi, nina swali."

"Sema, msichana wangu."

"Nina miaka thelathini na mmoja, na si wako. Leo wameanguka wangapi?"

"Wanne. Na ndiyo sababu hasa..."

"Alipoanguka wa kwanza, mlizifuta mbio? Alipoanguka wa pili? Huyo aliyeshushwa akiimba, mlimwambia mwenzake aliye nyuma yake arudi nyumbani?"

"Hiyo ni tofauti. Wanaume wanajua hatari wanayoiingia."

"Na sisi tunadhani tunakwenda kuchuma uyoga."

Wazimamoto walicheka nyuma. Shingo ya Dokta Purtscher ikaanza kuwa nyekundu juu ya skafu. Labda angeishia hapo, lakini mtu akichekwa mbele ya watu hutafuta jiwe la kurusha, na yeye aliokota lililokuwa karibu.

"Bibi Oberlechner," alisema, "umebakiwa na mguu mmoja. Mmoja tu. Sidhani hata baba yako mzazi angependa kuona unavunjika na huo."

Kikombe kilisikika kikiwekwa mezani. Isidor alipasua katikati ya wazimamoto mpaka akasimama kwenye nafasi kati ya mabenchi, akiizungusha kofia mikononi.

"Mimi sikukutuma unisemee," alisema.

Ni hayo tu. Kisha akarudi mahali pake. Zenzi alikuwa amemgeukia. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho baba yake alizungumza mbele ya watu zaidi ya kumi.

Dokta Purtscher alikunja karatasi zake. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha. "Uamuzi umepita," alisema. "Atakayekosa slalomu kesho bila kuumwa atahesabiwa kuwa amegoma, na shirikisho lake litaarifiwa. Mashindano ya dunia ni mwezi ujao. Kila mtu ajipime."

Mkuu wa zimamoto aliinua mkono. "Na kule juu tufanyeje? Tuondoe nyavu?"

"Acheni nyavu. Njia inafunguliwa kesho saa tatu kwa wateja wa lifti, kama kawaida. Wenye hoteli wamenilalamikia wiki nzima."

Zenzi, aliyekuwa ameanza kukaa, aliinuka tena polepole.

"Samahani. Wateja gani?"

"Watalii. Yeyote mwenye tiketi."

"Yaani yule bwana wa hoteli ya kanisani, mwenye tumbo la bia, aliyevaa ski juzi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kesho ataruhusiwa kushuka Mgongo wa Mbuzi. Na mimi siruhusiwi."

"Yeye anashuka kwa hiari yake mwenyewe," alisema Dokta Purtscher. "Mashindano ni jambo lingine."

"Haya," alisema Zenzi. Akakaa.

Lambert Kofler, kocha wao, alikuwa akimfahamu kwa miaka minane. Alishamzoea akifoka, na kufoka kwake hakukumsumbua tena. Lile "haya" la upole ndilo lililomshusha moyo mpaka kwenye soksi.

Alimkamata nje, chini ya paa lililokuwa likidondosha maji.

"Zenzi, nakuomba. Nakuomba kama ndugu yako. Medali ya dunia hii hapa." Alimwonyesha kiganja. "Kwa muda wako wa msimu huu hakuna wa kukugusa. Nenda ukazunguke zile fimbo na sungura wao, dakika moja tu, halafu tuondoke zetu."

"Na mwakani watatupa nini? Kigari cha kusukumwa?"

"Mwakani ni mwakani. Utakuwa na miaka thelathini na miwili. Unajua kwamba huenda usipate nafasi nyingine."

"Najua, Lambert."

"Basi usinifanye niandike jina lako kwenye ripoti."

"Wakikwambia uandike, andika," alisema Zenzi. "Andika vizuri, kwa herufi kubwa, wasije wakakosea."

Alisema hivyo, lakini njia nzima ya kurudi hotelini alikuwa kama mtu aliyemeza kokoto. Aliitaka medali ile. Aliitaka kama watu wengine wanavyotaka mtoto au nyumba. Alikuwa ameamka gizani miaka mingi kukamua ng'ombe ndipo akafanye mazoezi. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono mara mbili. Kulikuwa na mwanamume mmoja mwema kule Lienz aliyechoka kumsubiri akaoa mwingine. Na sasa aende akaitupe kwa ajili ya asubuhi moja? Alisimama kwenye daraja, akautazama mto, akajiambia kwamba slalomu nayo ni mbio. Karibu aamini.

Katika chumba cha kulia cha hoteli wanawake wenzake wote kumi walikuwa wamekaa meza moja mbele ya madonge ya mkate na mchuzi, na hakuna aliyekuwa akila. Wote walimtazama alipoingia, na akaona kwamba wanamsubiri.

"Tiketi ya lifti ni shilingi ngapi siku hizi?" aliuliza Torunn.

Zenzi akavuta kiti. Ile kokoto ikashuka.

"Sikilizeni," alisema. "Sitaki mtu anifuate halafu kesho kutwa anililie. Hakuna atakayetupa kikombe. Hakuna televisheni. Mashindano ya dunia tutayasikia redioni. Tunashuka kwa sababu ni zamu yetu kushuka, basi."

"Mimi nashuka kwa sababu ya yule sungura," alisema Otti. "Sijamwona, lakini nimeshamchukia."

Mmoja tu aliinamisha kichwa. Alikuwa Jagoda, msichana wa Poland asiye na mkono wa kulia, mdogo kuliko wote. "Mimi nikigoma, serikali ya kwetu haitanipa tena pasipoti," alisema kwa sauti ndogo. "Sitatoka tena. Na mama yangu ana kazi ya serikali."

Zenzi alinyoosha mkono juu ya sahani akamshika bega.

"Wewe nenda slalomu, mdogo wangu. Nenda kwa kifua mbele. Atakayekusema vibaya tutasemezana naye sisi."

Ule upepo wa joto uliotabiriwa ulivuma saa chache tu, ukachoka. Kabla ya alfajiri anga ilisafika, baridi ikarudi kwa hasira, na kulipopambazuka theluji ya Hinterau ilikuwa ngumu kama vigae. Saa tatu kasoro wanawake kumi walikuwa kwenye foleni ya lifti katikati ya watalii, kila mmoja na tiketi yake shingoni. Hedi, mama wa dirisha la tiketi, alikuwa amewakatia bila kuuliza kitu, ila alipomfikia Torunn alisema, "Kiti hicho ni mzigo au abiria?"

"Abiria," alisema Torunn. "Tena ana njaa."

Vibanda vya lifti viliwapandisha juu ya misonobari. Na kule kileleni, Zenzi alipotoka akirukaruka kwa mguu wake mmoja, mtu wa kwanza aliyemwona ni baba yake. Isidor alikuwa amekuja na kibanda cha kwanza kabisa pamoja na wazimamoto watatu, na begani alikuwa na mzigo wa matawi mabichi ya msonobari. Alikuwa akiyachomeka kwenye theluji mawili mawili, kushuka chini, kuonyesha njia.

"Baba! Unafanya nini hapa?"

"Napanda miti," alisema Isidor.

"Na ng'ombe?"

"Wana mama yako." Alichomeka tawi, akalikanyagia buti. "Zenzi, mimi sitatazama. Nisingeweza. Nitasimama pale chini ya mgongo nikiwapa kisogo, ila nikisikia mtu ameanguka nitakuja."

"Haina neno, baba."

"Si kwamba sitaki."

"Najua," alisema Zenzi, na ikambidi avae miwani yake ya theluji haraka.

Kule chini, kwenye mteremko wa watoto, saa nne ilifika na mtangazaji akaita jina la kwanza. Hakuna aliyetokea. Akaita la pili. Watu walianza kutazamana, kisha kupitia redio ya zimamoto habari ikashuka kutoka mlimani, na umati ukageuka wote kwa pamoja, wakamwacha sungura na karoti yake, wakakimbilia nyuma ya ukumbi wa zimamoto. Wapishi walitoka hotelini na aproni zao. Yule bwana mwenye tumbo la bia, aliyekuwa tayari njiani, alijivuta pembeni ya nyavu na kubaki hapo kama bendera.

Hapakuwa na mlango wa kuanzia wala saa ya umeme. Mzimamoto mmoja juu alipaza sauti kwenye redio, "Ameondoka!" na mtu wa chini akabonyeza saa ya mkononi. Mtu huyo wa chini alikuwa Lambert.

"Wewe hapa unafanya nini?" Dokta Purtscher alimuuliza alipofika mbio, skafu imepinda.

"Nimekuja kuandika," alisema Lambert bila kuinua macho. "Nimeambiwa niandike vizuri."

Torunn alitangulia. Alishuka na kiti chake kile kizito, kikigonga na kunguruma juu ya barafu, na kwenye Mgongo wa Mbuzi kiliruka hewani kizima kizima, kikatua kwa kishindo kilichosikika mpaka kanisani. Alipovuka mstari alikuwa akitukana kwa Kinorwe, na uso wake uling'aa. Wengine walifuata. Kisha wakaja Otti na Gundi, wawili kama kamba moja, na kabla hawajaonekana sauti ya Gundi ilikuwa imeshawatangulia bondeni: "Kulia! Kulia! Shikilia! Mgongo huu hapa, inama, inama, rukaaa!" Otti aliruka kwenye giza lake, mikono mbele, akatua, akayumba, akasimama imara. Watu wakapiga kelele ambayo kijiji kile hakikuwa kimeisikia hata siku iliyotangulia.

Zenzi alikuwa wa mwisho.

Alijisukuma kwa magongo yote mawili na mteremko ukamchukua. Ile kokoto, medali, shirikisho, yule mtu wa Lienz, vyote vilibaki juu. Paja lake lilikaza kama mti, ski ilikata barafu kwa mlio mkavu, na matawi ya baba yake yalimpita mawili mawili, kijani juu ya weupe. Alikuwa akienda kasi kuliko alivyowahi kwenda. Alijua, kwa sababu upepo ulikuwa ukimchuna mashavu na hakuhisi baridi. Mgongo wa Mbuzi ulimjia. Alijikunja, kidevu gotini, akaacha ardhi.

Alitua vizuri. Kosa lilikuja baadaye, pale ambapo kila mtu anadhani hatari imekwisha. Gongo lake la kushoto lilinasa kwenye ufa wa barafu, ski yake ndogo ikakatika, na Zenzi akazungushwa kama kitambaa. Mbingu, theluji, mbingu. Alipigwa na wavu, akadondoka.

Chini, umati uliguna kwa sauti moja. Dokta Purtscher alifumba macho. Usoni mwake palikuwa na hofu ya kweli, na nyuma ya hofu, kidogo tu, nafuu ya mtu aliyethibitishwa.

Isidor alisikia kishindo, akageuka. Alianza kupanda mbio, akizama mpaka magotini, bila kofia.

"Usinisogelee!" Zenzi alipiga kelele. "Baba, simama hapo hapo! Ukinigusa nitakuwa nimesaidiwa!"

Isidor akasimama. Mikono yake ilikuwa imenyooka mbele, na aliiacha hivyo hivyo, hewani.

Zenzi alitema theluji na damu kidogo. Aligusa goti lake: zima. Ski: ipo. Gongo la kulia lilikuwa zima, la kushoto lilikuwa fimbo tupu. Alilitupa. Mtu mwenye mguu mmoja na gongo moja hana usawa wowote, ana upande mmoja tu, na alijua kwamba kila kona ya kushoto itakuwa ya kuomba Mungu. Alijikaza kisabuni, akainuka, akarukaruka mara tatu mpaka ski ikaelekea bondeni.

"Zenzi," alisema baba yake. Alikuwa akimtazama moja kwa moja.

"Naenda," alisema, akaenda.

Theluthi iliyobaki aliishuka kwa namna ambayo hakuna kocha anayeifundisha. Mkono wa kushoto aliuinua juu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Mara mbili alikwenda hatihati, kiganja kikapangusa barafu, mara mbili akarudi. Sehemu ya mwisho, pale nyuma ya ukumbi, alikuwa anatetemeka paja zima, lakini hakuvunja kasi, kwa sababu hakujua tena kuivunja kwa gongo moja. Alivuka mstari, akapitiliza, akavamia marobota ya nyasi na kuzama humo mpaka kifuani.

Walimchomoa wakicheka na kulia. Muda wake ulikuwa mbaya kuliko wa wote. Lambert alimwonyesha saa, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

Dokta Purtscher alipenya katikati ya watu. "Umeona?" alisema, akitweta. "Umeona sasa nilichokuwa nakisema? Umeanguka!"

"Nimeanguka," alisema Zenzi. Mdomo wake ulikuwa umevimba. "Andikeni. Wanaume wanne, mwanamke mmoja. Na sikushuka kwa machela."

"Mngeweza kufa!"

"Tulishuka kwa hiari yetu, Bwana Mkurugenzi. Tiketi hii hapa."

Aliivua shingoni, akamning'inizia yeye. Watu walicheka mpaka yule bwana mwenye tumbo la bia, ambaye alikuwa amefika chini kwa makalio, akawa anapangusa machozi.

Jagoda alikuwa amekimbia slalomu peke yake mbele ya waamuzi na sungura, akashinda. Mchana alikuja na kikombe kifuani, macho mekundu, hajui akiweke wapi. Zenzi alikipokea, akakimiminia divai, na kikazunguka meza nzima mpaka kikaisha.

Adhabu ilikuja wiki iliyofuata. Zenzi, Otti na Gundi walifungiwa mpaka mwisho wa msimu. Wanorwe hawakumfungia Torunn, walimkaripia tu, naye akaenda kwenye mashindano ya dunia. Siku ile Zenzi hakuwasha redio. Alikuwa zizini akizoa samadi, na katikati ya kazi alikaa kwenye ndoo akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepoteza kitu na anajua hakitarudi. Isidor aliingia, akamwona. Hakumwambia kwamba ilikuwa sawa, wala kwamba alikuwa na fahari naye. Alichukua uma wa pili, akaanza kuzoa upande wa pili wa zizi, na baada ya muda Zenzi naye akainuka.

"Ingekuwa ni leo, ungefanya tena?" baba yake aliuliza, wakiwa karibu kumaliza.

"Kesho," alisema Zenzi. "Ila ningelikagua lile gongo kwanza."

Maneno yaliendelea kusambaa mwaka mzima, kutoka timu moja hadi nyingine. Wanawake wa nchi saba walisema wazi kwamba Hinterau hawarudi kama ni kwa ajili ya mteremko wa watoto, na wanaume kadhaa, akiwemo yule Mfaransa wa bega, walisema wao pia hawaji. Wenye hoteli walisikia. Hoteli zikisikia, kamati husikia. Majira ya baridi yaliyofuata, mbio za kasi za wanawake zilipangwa asubuhi na mapema, wakati theluji ni ngumu, na wanaume wakafuata nyuma yao. Dokta Purtscher alisoma majina ya washindani mkutanoni, yote ishirini na matatu, bila kumwita hata mmoja ua la milimani.

Torunn alimshinda Zenzi kwa kitambo cha kupepesa jicho. Zenzi alimkumbatia pamoja na kiti chake, akampongeza, akasimama jukwaani kwenye ngazi ya pili na kuimba wimbo wa taifa la Wanorwe, ingawa hakuujua hata neno. Alikuwa amekasirika mno kwa kushindwa. Aliposhuka, medali ikimgonga kifuani, alikwenda moja kwa moja kumtafuta Lambert.

"Kule kwao Norway," alimuuliza, "wana mteremko mrefu kuliko huu?"

"Upo mmoja," alisema Lambert kwa uangalifu. "Lakini wanawake hawajawahi..."

"Tunaondoka lini?" alisema Zenzi.